Mguu wa Kushoto wa Irakoze

Ukifika Kasulu ukauliza duka la vifaa vya ujenzi la Nurudini Isihaka, utaelekezwa kwa kidole. Ukiuliza kwa Mzee Nuru wa maoni, utashikwa mkono na kupelekwa hadi mlangoni. Dukani mlikuwa na bati, bawaba, rangi na misumari ya kila kipimo. Maoni yalikuwa ya mpira, nayo yalikuwa mengi kuliko misumari.

Timu yake ilikuwa Nyota ya Milimani, ya ligi ya mkoa. Ilikuwa timu ya mchanganyiko: wanafunzi wa chuo cha ualimu, mafundi pikipiki, na wawili watatu waliowahi kulipwa na timu kubwa za mbali kisha wakarudi nyumbani na magoti mabovu. Nurudini hakumsaza hata mmoja. "Beki ni msumari," alizoea kusema. "Ukishapinda mara moja, hata ukinyooshwa haushiki tena." Wachezaji wa kulipwa aliwaambia kwamba mtu akishashiba haukimbilii mpira, anausubiri kama wa kuletewa na mhudumu wa hoteli. Vijana wa chuo, alisema, wanacheza kwa daftari. Ukiwakanyaga mara moja wanaomba ruhusa ya kwenda zahanati. Na viongozi wa timu ndio kabisa: wapaka rangi juu ya kutu.

Kila baada ya mechi alisogeza simu mdomoni, akarekodi maoni yake, akayatuma kwenye kundi la mashabiki. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Wengine hata mechi hawakuiona; walisubiri sauti ya Mzee Nuru ndipo wajue wamkasirikie nani.

Mkewe Mwanaheri hakuwa na habari na mambo hayo. Alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa milimani na ndoa miaka thelathini na moja iliyopita, akazoea baridi ya Kasulu na mihogo yake, akajua Kiha cha kumtosha sokoni, ila mpira ulimshinda. Alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani mwa duka akishona magauni na sare za shule, na Jumamosi mume alipofunga duka na kwenda uwanjani, yeye alimsindikiza kwa maneno yale yale: "Msalimie mke mwenzangu."

Siku moja asubuhi, Nurudini alimimina chai pembeni ya kikombe. Aliimimina kwa utulivu kabisa, mpaka ikafika ukingoni mwa meza na kumdondokea mapajani, na hata hapo alisema ni birika ndilo bovu. Mwanaheri hakubishana na birika. Aliipangusa meza, akamtazama mumewe usoni, akaona jinsi macho yake yalivyokuwa yakimtafuta mahali ambapo hakuwapo.

"Tangu lini, Baba Shadia?"

Nurudini akakisukuma kikombe mbali. "Tangu kabla ya Mfungo wa mwaka jana," alisema. "Pembeni kote kumejifunga. Nabaki na kama tundu la ufunguo."

Hospitali ya Kigoma waliita presha ya macho. Walisema angekuja mapema ingekuwa jambo jingine. Sasa watajitahidi kulilinda lile tundu, lakini wasimdanganye, nalo litakwenda. Nurudini na mkewe wakarudi Kasulu. Walipofika nyumbani, akiwa bado na koti, alimwambia mkewe: "Nisaidie jambo moja. Jumamosi twende wote uwanjani. Uniambie unachokiona. Lakini mtu asijue."

"Watu wakijua itakuwaje? Kuumwa macho ni aibu?"

"Fundi saa akiwa kipofu, nani atampa saa yake?" Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Na mimi nina nini kingine, Mama Shadia? Misumari kila mtu anauza."

Basi ndivyo Mwanaheri alivyoanza kwenda mpirani, akiwa na miaka hamsini na minne, na kanga ya kujifunika baridi.

Mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu.

"Mpira uko wapi?" alinong'ona Nurudini.

"Uko kwa yule aliyevaa soksi moja juu moja chini."

"Namba ngapi?"

"Amegeukia huku, mgongo siuoni. Haya, ameupiga. Ameupata yule mwenye mabega ya kutundikia nguo."

"Wetu au wao?"

"Ngoja kwanza niangalie rangi."

Nurudini alicheka mpaka watu wakageuka. Lakini mechi ya tatu, ya nne, mwanamke huyu alianza kuona, na alichokiona kilikuwa chake. Ukikaa na cherehani miaka ishirini na sita unajifunza miili ya watu. Alimjua mtu mwenye bega moja chini kabla hajamwekea futi, na kiuno kilichopinda hakikumpita. Kwa hiyo alimwambia mumewe mambo ambayo Nurudini, kwa miaka yote aliyokuwa na macho mazima, hakuwahi kuyaona, kwa sababu yeye aliufuata mpira. Mwanaheri aliwafuata watu. Alimwambia kwamba beki mzee, yule msumari uliopinda, huwa anaokota vijiwe golini mwake na kuvitupa nje ili kipa asijichubue. Alimwambia kwamba kipa akifungwa hutazama jukwaani kwanza, ndipo autazame mpira.

"Anamtazama nani?"

"Nadhani anakutazama wewe."

Nurudini akaishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi.

Maoni yake kwenye simu yakabadilika. Watu wakasema Mzee Nuru siku hizi amepevuka, anaona mpaka ndani ya mioyo ya wachezaji. Na kwa kuwa waliwaona wamekaa bega kwa bega wakinong'onezana tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, wakasema pia kwamba wazee wale wamerudi uchumbani. Mwanaheri aliacha waseme. Na ukweli ni kwamba hawakukosea sana.

Mchezaji aliyempenda kuliko wote aliitwa Irakoze. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo cha ualimu, mtoto wa mkulima wa maharage wa Nyakitonto, mwembamba, mwenye kucheza winga ya kushoto. "Akiwa hana mpira," Mwanaheri alimwambia mumewe, "anautazama kama mtu aliyedondosha sindano kwenye mkeka. Haondoi jicho, na hatembei ovyo." Nurudini alilirudia hilo kwenye simu neno kwa neno, na Irakoze akaanza kuitwa Sindano. Msimu ulipokaribia kuisha alikuwa amefunga mabao kumi na moja, na habari zikazagaa kwamba kuna timu ya Ligi Kuu itatuma mtu aje amwone.

Ndipo Shadia, binti yao aliyeolewa Kigoma, alipojifungua. Mwanaheri akaenda kumlea mzazi. Alikaa siku tisa.

Katika siku hizo tisa kulikuwa na mechi moja, nyumbani Kasulu. Nurudini alimwambia mkewe kwenye simu kwamba hatakwenda. Lakini alikwenda. Alikaa mahali pake pa siku zote, akasikiliza. Alisikia watu wakiguna kila mpira ulipokwenda kushoto, akasikia mtu nyuma yake akisema, "Huyu Sindano leo hataki kukimbia," na mwingine akajibu, "Keshasikia habari za Ligi Kuu, anajitunza." Jioni kundi zima lilimsubiri, na Nurudini hakuwa na cha kusema ila alichokisikia. Akarekodi.

Mwanaheri aliporudi hakuambiwa chochote. Alimkuta mume ana furaha ya mjukuu, na Jumamosi iliyofuata wakapanda basi la kukodi na mashabiki wenzao, kwenda Kibondo kwenye mechi ya mwisho.

Kibondo siku hiyo ilikuwa na watu wengi, hata wa kutoka Kitahana, waliokuja kwa baiskeli wakiwa na vuvuzela. Upande wa pili wa uwanja, chini ya turubai dogo, alikaa mwanamume mgeni mwenye miwani na daftari. Kila mtu alijua ndiye yeye aliyetumwa na timu ya Ligi Kuu, na kila mtu alijifanya hamwoni.

Kabla ya mechi, Mwanaheri alikwenda kutafuta choo nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Alipokuwa akirudi alimwona Irakoze amekaa juu ya tofali, peke yake na mwenyekiti wa timu, Bazilio. Njumu ya kushoto ilikuwa imefunguliwa kamba zote. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji nene, na kijana alikuwa akiusukuma ndani ya kiatu taratibu, meno ameyauma, machozi yanamtoka bila sauti. Bazilio alikuwa amemwekea mkono begani. "Dakika tisini tu," Mwanaheri alimsikia akisema. "Leo tu. Kesho utalala hata mwezi."

Alirudi jukwaani akamweleza mumewe. Nurudini alikunja uso.

"Wachezaji wa chuo," alisema, lakini hakuimalizia sentensi. "Labda amejikwaa kidogo."

"Mtu aliyejikwaa kidogo halii vile."

Mechi ikaanza. Mwanaheri hakuuangalia mpira hata kidogo. Aliutazama mguu wa kushoto wa Irakoze. Kijana alikuwa akikanyagia ukingo wa nje wa unyayo, na kila alipotaka kugeuka alizungukia mguu wa kulia, kama mtu anayecheza ngoma ambayo wenzake hawaijui. Mipira miwili mizuri ilimpita. Wa tatu ulipompita, shabiki mmoja aliyekaa mbele yao alisimama akapaza sauti: "Sindano imeingia kutu! Mzee Nuru alishasema! Keshalewa sifa huyo!"

Watu wakacheka. Mwingine akatoa simu, akaiinua hewani, akabonyeza. Ikatoka sauti ya Nurudini, nzito, yenye uhakika: "Irakoze nilimtazama dakika zote tisini. Miguu anayo, moyo ndio hana. Kijana amelewa sifa, anamtunzia mguu wake tajiri wa mjini. Nyota haihitaji mvivu. Mwenyekiti, mweke benchi, au mwambie acheze kama mwanamume."

Mwanaheri alihesabu moyoni siku alizokaa Kigoma. Akamgeukia mumewe. Hakuwa na haja ya kuuliza. Uso wa Nurudini ulikuwa umeanguka kama bati lililong'olewa misumari.

"Ulimtazama dakika zote tisini," alisema Mwanaheri polepole.

"Nilisikia watu wanasema."

"Ukasema umeona."

"Nikasema nimeona."

Kelele zikawapita juu. Uwanjani Irakoze aliangushwa, na alipoinuka alisimama kwanza kwa mguu mmoja, akitazama jukwaani. Mwanaheri alimwambia mumewe hilo pia. Hakulifunika. "Amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na anatazama huku. Anakutazama wewe, Baba Shadia. Anataka uone kwamba hakuwa mvivu."

Nurudini akainuka. "Nipeleke kwenye benchi."

"Watu wataona."

"Waone."

Mwanaheri akamshika mkono wa kanzu, si kiganja, kama alivyokuwa akifanya gizani nyumbani, wakashuka. Penye kamba ya kuzuia watu hakumwambia mapema, na Nurudini akajikwaa mbele ya wote, akapiga goti moja kwenye majani. Vicheko vya nyuma yao vikakatika. Kijana mmoja aliwainulia kamba, wakapita.

Bazilio alikuwa amesimama mbele ya benchi na shati jeupe. Kocha Melkiadi alikuwa amekaa, ameinamia viatu vyake.

"Mwenyekiti, mtoeni huyo kijana," alisema Nurudini.

"Mzee Nuru, rudi jukwaani. Hapa si mahali pa mashabiki."

"Mguu wake una maradhi, na wewe unajua."

Bazilio akashusha sauti, akatabasamu kwa sababu ya yule mgeni wa daftari ng'ambo. "Mzee wangu, si wewe uliyesema ni mvivu? Sauti yako nimemsikilizisha mwenyewe. Nikamwambia, umemsikia Mzee Nuru, mtu mwenye jicho kuliko wote mkoa huu; toka basi ukamwonyeshe. Ulimtazama dakika tisini, au hukumtazama?"

Mwanaheri alihisi mkono wa mumewe ukikaza juu ya kanga yake.

"Sikumtazama," alisema Nurudini. "Sijamwona Irakoze hata siku moja maishani mwangu. Sijui ni mweusi au maji ya kunde. Mimi sioni, Bazilio. Mwaka wa pili huu. Anayeona ni mke wangu, na siku ile hakuwapo."

Alikuwa amezoea kusema ili mia wamsikie, na hata sasa hakujua kusema kwa namna nyingine. Safu tatu za mbele zilisikia. Shabiki mmoja wa Kitahana aliishusha vuvuzela yake mdomoni.

Bazilio akatazama pembeni. Aliyesogea alikuwa kocha Melkiadi. Alisimama, akajipangusa magoti ingawa hayakuwa na vumbi, akamwita kijana wa akiba na kumwambia avue fulana ya mazoezi. Irakoze alipoona ubao wa namba umeinuliwa hakuamini. Alitoka akichechemea, akapita mbele yao bila kuwatazama, na alipofika kwenye benchi alijifunika uso kwa jezi.

Yule mgeni wa Ligi Kuu aliandika kitu, akafunga daftari. Mechi ilipoisha, Nyota wamefungwa moja bila, gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Melkiadi ndiye aliyempeleka Irakoze hospitali ya pale Kibondo, na Nurudini na mkewe wakaliacha basi la mashabiki liende, wakafuata kwa bajaji. Picha ilionyesha ufa kwenye mfupa mdogo wa unyayo. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema umechelewa, ila hujachelewa sana. Wiki nane, na mguu usikanyage chini.

Irakoze alikuwa kitandani, plasta mpaka chini ya goti. Mwanaheri alimsogelea. Kijana akamwamkia shikamoo kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akageukia ukuta.

"Ulikuwa mguu wangu, mama," alisema. "Si wenu. Nilijua unauma. Nilitaka zile dakika tisini. Yule mtu hatarudi tena."

Mwanaheri alikuwa amejiandaa kushukuriwa, akaona aibu kwamba alikuwa amejiandaa.

"Na wewe, mzee," Irakoze aliendelea, bado akiuambia ukuta, "ile sauti yako nimeisikiliza mara saba. Usiku ule ule. Nilidhani labda kweli mimi ni mvivu na maumivu nayazua mwenyewe."

Nurudini alisimama katikati ya chumba, asijue kitanda kiko upande gani. Ni mara ya kwanza Mwanaheri kumwona amekosa maoni.

Jumapili alirekodi sauti nyingine na kuituma kundini. Ilikuwa fupi. Alisema haoni, alisema tangu lini, alisema maneno juu ya Irakoze aliyasema kwa kusikia uvumi, na kwamba yale mazuri yote waliyoyasifu mwaka mzima yalikuwa ya Mama Shadia. Watu kumi na wanne wakajitoa siku hiyo. Mmoja aliandika, "Kumbe tulikuwa tunafundishwa mpira na fundi cherehani." Shadia akamsomea mama yake kwa simu kutoka Kigoma, kwa hasira, Mwanaheri akauliza tu, "Sasa hilo ni tusi au ni sifa?"

Baada ya wiki mbili Nurudini alisema wanakwenda Nyakitonto. Irakoze alikuwa amepewa ruhusa na chuo akapone nyumbani kwa mama yake. Walibeba sukari, sabuni na kitenge kimoja ambacho Mwanaheri alikuwa amekishona gauni kwa kukisia vipimo. Mama yake Irakoze aliwapokea uani, penye maharage yaliyoanikwa juu ya maturubai. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyechanganya Kiswahili na Kiha katika sentensi moja bila kujali. Alilijaribu gauni hapo hapo juu ya nguo zake, likamkaa, akapiga kigelegele kimoja, kisha akasema waziwazi kwamba yeye habari za mpira hazijui. "Mimi nilizaa mwalimu. Hayo mengine ameyaokota njiani."

Irakoze alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu juu ya gunia, akipepeta. Hakuinua uso. Mwanaheri alimwongoza mumewe, akamkalisha karibu yake, na Nurudini, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono, akaichovya kwenye maharage na kuanza kuchambua. Vidole vyake vilivyojua misumari vilijua na hili. Mawe upande huu, maharage upande ule.

Rundo dogo la mawe likaanza kukua.

"Nilisema nisichokiona," alisema Nurudini mwishowe. "Nilikuwa naogopa wasije wakajua, nikakuuza wewe. Sina maneno mengine. Nisamehe, mwanangu."

Irakoze aliendelea kupepeta. Halafu akauliza, "Yale ya sindano kwenye mkeka. Yalikuwa ya nani?"

"Ya huyu."

Kijana akainua uso, akamtazama Mwanaheri kama ndiyo kwanza anamwona. "Ni kweli huwa natazama hivyo?"

"Hivyo hivyo," alisema Mwanaheri. "Na ukiukosa mpira, unatafuna kola ya jezi. Acha hiyo tabia, utaiharibu."

Irakoze akacheka, akajizuia, akacheka tena. "Mama ananipigia kelele kwa hilo hilo tangu darasa la pili."

"Bado hasira ninayo," aliongeza baadaye, walipokuwa wakila ugali wa muhogo.

"Kaa nayo," Nurudini alimjibu. "Sisi tutakuja tu."

Na kweli walikuwa wakija, mara nyingine na mafuta, mara nyingine mikono mitupu. Yule mtu wa Ligi Kuu hakurudi. Bazilio aliendelea kuwa mwenyekiti msimu mzima uliofuata, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka kiti. Kocha Melkiadi aliacha Nyota akaenda kufundisha timu ya chuo, na plasta ilipotolewa alimchukua Irakoze, akamwanzisha kutembea, halafu kukimbia, halafu mpira.

Lile tundu la ufunguo nalo lilijifunga. Ilikuwa Jumanne, mwanga umeshaingia chumbani, na Nurudini alikuwa ameketi kitandani akigeuza kichwa huku na huku. "Mama Shadia, kumekucha?" Mwanaheri alikuwa amesimama mbele ya dirisha lililo wazi. Akaja akakaa kando yake, akamwambia ndiyo, kumekucha. Hawakwenda dukani mpaka adhuhuri.

Mwezi wa tano ilikuja michezo ya vyuo, na timu ya chuo cha ualimu ikacheza Kasulu. Hapakuwa na mgeni wa daftari. Palikuwa na wanafunzi wakiimba, na wazee wachache, na karibu ya Nurudini na Mwanaheri walijisogeza watu wanane au tisa, bila kuomba, ili wasikie. Mwanaheri hakunong'ona tena. Alisema kwa sauti yake ya Pangani nani yuko wapi, nani amechoka, nani amegombana na nani, na kwamba Irakoze anakanyaga unyayo mzima, kisigino mpaka vidole.

Dakika za mwisho mpira ulichomolewa katikati ukaenda kushoto. "Ameupata Irakoze," alisema. "Amempita mmoja. Kipa anatoka. Amefunga! Amefunga, Baba Shadia!" Akaruka na kanga ikaanguka, na wale wanane wakaruka naye. Kibendera alikuwa ameinua bendera yake; refa alilikataa bao.

Wakirudi nyumbani, wameshikana mkono, Mwanaheri alikuwa bado anawaka. Yule kibendera alikuwa amelala. Yule kibendera alikuwa shemeji wa mtu. Bao lilikuwa halali kabisa, alisema, kila mwenye macho aliliona.

"Aliotea," alisema Nurudini.

"Umemwonaje?"

"Sikumwona. Kabla hujasema 'ameupata Irakoze' ulivuta pumzi ukakaa nayo. Wewe ukimwona mtu mahali asipotakiwa kuwa, huwa unavuta pumzi hivyo."

Walitembea hatua kumi, kumi na tano. Muuza karanga aliwapisha njia.

"Aliotea," alikubali Mwanaheri. "Lakini kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

Mwanaheri alisimama, akakikunjua kiganja cha mumewe, akapima juu yake kwa kidole kutoka kwenye kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, kisha, baada ya kufikiri, akaongeza nusu kiganja zaidi.

"Basi huyo," alisema Nurudini, akicheka mpaka akatafuta ukuta wa kushikilia, "alikuwa ameshafika Kibondo."